Anayevuka Ruzizi kwenda mionzi arudi na hesabu ya uti wake wa mgongo

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu mgonjwa wa saratani hutibiwa kwa vipande. Upasuaji hufanyika hapa, mionzi Kigali au Kampala, dawa za kemo tena hapa, na mwenye uwezo humalizia India. Kila hospitali huandika kipande chake na kukiweka kabatini. Lakini uti wa mgongo wa mgonjwa ni mmoja, na kila dozi ya mionzi inayoupitia hujumlishwa humo humo, iwe imetolewa na nani na mwaka gani.

Tunaomba nafasi katika gazeti lenu kwa sababu mitaani husemwa mambo mawili yanayopingana, na yote mawili yanaumiza watu. Kadutu na Bagira utasikia kwamba mionzi hupoozesha miguu, basi mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anakataa kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda wakati ugonjwa wake bado unatibika. Kwingine mgonjwa aliyekwisha kupigwa mionzi ya mgongo anaambiwa kwamba ile mionzi imeshatoka mwilini, kisha anaanzishiwa dawa mpya au mionzi mingine bila mtu kumuuliza alipata kiasi gani.

Tunaposema uti wa mgongo hapa tuna maana ya ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, si mifupa yenyewe. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki mizizi ya neva, nayo huvumilia mionzi zaidi. Mionzi huua polepole seli zinazotengeneza ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, na huharibu kuta za mishipa midogo ya damu. Kwa sababu seli hizo hufa taratibu, madhara makubwa hayaonekani wakati wa tiba. Huanza baada ya miezi 6 au zaidi, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili, wakati mgonjwa amekwisha kurudi shambani kwake Kabare au Walungu na hakuna anayekumbuka tena habari ya mionzi.

Kipimo cha mionzi ni grei, kwa kifupi Gy. Mwaka 2010 wataalamu wa mionzi huko Marekani walichapisha makadirio ambayo hadi leo yanatumika mahali pengi, kwa uti uliopata 2 Gy kwa siku katika upana wake wote. Jumla ikifika 50 Gy, hatari ya uti kuharibika ni asilimia 0.2, yaani watu wawili katika elfu moja. Ikifika 60 Gy ni asilimia 6. Ikifika 69 Gy ni asilimia 50. Mlima huo ni mkali mno. Ndiyo sababu vituo vingi husimamisha uti kwenye 45 Gy, na wanaothubutu zaidi kwa kawaida hawapiti 50: milimita chache za kukosea namna ya kumlaza mgonjwa zinatosha kumpandisha.

Jumla peke yake hata hivyo hudanganya. Uti wa mgongo huumizwa na seansi nzito (seansi ni mara moja ya kupigwa mionzi) kuliko na wingi wa seansi. Daktari au muuguzi anaweza kufanya hesabu hii kwa kalamu: chukua dozi ya seansi moja, ongeza 2, gawanya kwa 4, kisha zidisha kwa dozi yote. Mgonjwa aliyepata 30 Gy kwa seansi 10 alipokea 3 Gy kila mara. Tatu na mbili ni 5, gawanya kwa 4 ni 1.25, zidisha kwa 30 unapata 37.5. Kwa uti wake, basi, ni kama alipata 37.5 Gy kwa mpango wa kawaida wa 2 Gy. Ile 20 Gy ya seansi 5 huwa 30. Ile 8 Gy ya mara moja, inayotolewa kutuliza maumivu ya mfupa, huwa 20. Lakini 45 Gy ikitolewa kwa seansi 15 za 3 Gy huwa 56.25, na hapo mgonjwa amevuka mpaka huku karatasi yake ikionyesha namba inayopendeza macho.

Sasa dawa za kemo. Hakuna jedwali kama lile la 2010 kwa mionzi iliyochanganywa na kemo. Taarifa za wagonjwa ni chache na zimetawanyika. Kinachojulikana ni kwamba dawa hizi hazifanani hata kidogo, na kosa kubwa ni kuziweka zote kapu moja.

Sisplatini, ambayo ndiyo hutolewa zaidi pamoja na mionzi, haiingii kirahisi ndani ya uti kwa sababu kuta za mishipa ya damu ya ubongo na uti huizuia. Kwa miaka mingi imetolewa pamoja na mionzi ya shingo, koo na mlango wa kizazi, na pale uti ulipowekwa chini ya 45 hadi 50 Gy kwa seansi za kawaida, haikuonekana wazi kwamba inaongeza idadi ya walioharibika uti. Vivyo hivyo kwa karboplatini na fluorourasili. Hata hivyo daktari makini hutumia 45 badala ya 50 anapochanganya, nasi tunaunga mkono. Mionzi yenyewe hulegeza zile kuta, na kinachoweza kupita baada ya mionzi si sawa na kilichoweza kupita kabla.

Mpangilio wa tiba una uzito kwa sababu hiyo hiyo. Metotreksati ikitolewa kwa wingi baada ya ubongo kupigwa mionzi huharibu sehemu nyeupe ya ubongo kuliko ikitangulia. Hatari zaidi ni dawa zinazodungwa moja kwa moja ndani ya maji ya uti kwa sindano ya kiunoni, yaani metotreksati na sitarabini. Hizi peke yake, bila mionzi yoyote, zimewahi kuharibu uti. Kwenye panya wa maabara, sitarabini iliyodungwa hivyo karibu na wakati wa mionzi ilipunguza dozi ambayo uti unaweza kubeba, na fludarabini, dawa nyingine ya kemo, nayo ilipunguza hivyo hivyo. Kwa hiyo sindano ya kiunoni na mionzi ya uti hazitolewi wiki moja bila sababu nzito iliyoandikwa. Na kwa kuwa tumegusa sindano hii: metotreksati ya kiunoni iwe ile isiyo na dawa ya kuhifadhi, maana alkoholi ya benzili iliyomo kwenye chupa nyingine huunguza neva. Vinkristini haiingii kiunoni kamwe, huua. Isiwekwe hata kwenye trei moja na dawa za kiunoni.

Kundi la tatu ni dawa zinazoufanya mwili uhisi mionzi kwa nguvu zaidi: jemsitabini, doksorubisini, na aktinomisini D inayotumika kwa watoto wenye uvimbe wa figo. Hizi zinaweza pia kuamsha upya eneo lililopigwa mionzi wiki au miezi iliyopita. Ngozi hugeuka nyekundu palepale pa alama za zamani, na kwa jemsitabini limeshaandikwa tukio la uti wenyewe kuwaka namna hiyo. Jemsitabini na mionzi viachane kwa zaidi ya siku 7, na kama eneo la mionzi lilipita juu ya uti, daktari afikirie dawa nyingine kwanza. Kwa wanaokwenda nje kupandikizwa uboho kuna hatari nyingine. Dozi kubwa za kemo za maandalizi zimewahi kufuatiwa na uti kuharibika kwa watu ambao mionzi yao ilikuwa chini ya kile kiwango tunachokiita salama. Maelezo ya nelarabini, dawa ya saratani ya damu, nayo yanatahadharisha wazi kuhusu aliyewahi kupigwa mionzi ya ubongo na uti.

Kuna njia nyingine ambayo kemo huutia uti hatarini, na haizungumzwi vya kutosha. Mgonjwa wa saratani ya koo anapata 70 Gy kwenye uvimbe kwa seansi 35 pamoja na sisplatini. Anatapika, kinywa kinachubuka, anashindwa kula, anakonda. Ile barakoa ya plastiki iliyotengenezwa kuushika uso na shingo wakati yuko mnene inalegea. Shingo inasogea ndani yake, na uti unaingia kwenye eneo la dozi kubwa ambalo mpango uliukwepa. Hakuna dawa iliyobadilisha uvumilivu wa uti hapo, ila dozi yenyewe imebadilika bila mtu kuiandika. Mgonjwa apimwe uzito kila wiki, atibiwe kutapika mapema, alishwe kwa mpira puani ikibidi. Barakoa ikipwaya, ifanywe nyingine na skana ya mpango irudiwe. Mama au mume anayemsindikiza anaweza kuuliza swali hilo kwa adabu kabisa: hii barakoa bado inambana?

Upande wa mashine, kosa la zamani ni kuunganisha maeneo mawili ya mionzi juu ya uti. Miale hupanuka kadiri inavyoingia ndani, kwa hiyo maeneo yanayogusana kwenye ngozi hupandana ndani, na pale yanapopandana uti hupata dozi mbili. Kwa maeneo mawili yenye urefu wa sentimeta 20 kila moja, mashine ikiwa sentimeta 100 kutoka kwenye ngozi na uti ukiwa sentimeta 5 ndani, pengo la kuachwa ngozini kati yao ni sentimeta 1. Kwa mashine ya kobalti, ambayo mionzi yake hutoka kwenye madini na si kwenye umeme, ikiwa umbali wa sentimeta 80 ni 1.25. Ndiyo maana, mtu akirudi kupigwa mionzi pingili za jirani na zile za kwanza, kusema tu "alipigwa mgongoni" hakusaidii. Lazima ijulikane ni kuanzia pingili gani hadi ipi.

Kosa la pili huja tiba inapokatika. Mashine ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipokufa mwaka 2016 wagonjwa wa nchi nzima na wa kwetu walibaki njiani; mpaka ukifungwa hutokea hivyo hivyo. Baada ya hapo hutokea hamu ya kufidia kwa kuongeza dozi ya kila seansi, au kwa kupiga mara mbili kwa siku. Kuongeza kutoka 2 hadi 3 Gy kunabadilisha hesabu ya uti kama tulivyoonyesha. Na mara mbili kwa siku kunahitaji saa 6 katikati bila kupunguza, bora 8, kwa sababu uti hujirekebisha taratibu kuliko viungo vingi. Huko Uingereza, katika mpango wa kupiga mara tatu kwa siku uitwao CHART, wagonjwa kadhaa waliharibika uti kwenye dozi zilizodhaniwa kuwa salama, ingawa nafasi ilikuwa saa 6.

Kwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambao ndio wengi wanaoogopa, tunataka tusomwe vizuri. Mpango wa kawaida ni 45 hadi 50.4 Gy ya nje kwa seansi 25 hadi 28, sisplatini miligramu 40 kwa kila mita mraba ya mwili mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Eneo la nyonga kwa kawaida huishia juu kwenye pingili za nne na tano za kiuno. Uti umekwisha mapema, juu ya hapo. Mionzi hiyo haiupigi uti wa mgongo, na hakuna sababu ya kumpooza mtu kwa njia hiyo. Ni pale tu tezi za kando ya mshipa mkuu wa tumbo zinapotibiwa, eneo likapanda hadi pingili za mwisho za kifua, ndipo ncha ya uti inaingia, na hapo hesabu hufanywa. Kwa wengi wao kinachopaswa kuangaliwa kwa sisplatini ni figo.

Ganzi ya miguu basi inatoka wapi? Mara nyingi ni sisplatini hiyo hiyo, lakini inaumiza neva za nje, si uti. Huanza jumla ya dozi ikifika karibu miligramu 300 hadi 400 kwa mita mraba. Ganzi hupanda kutoka vidoleni kama soksi, kisha mikononi kama glovu, na inaweza kuendelea kuzidi miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Mkojo hautatiziki. Ukigonga kifundo cha mguu kwa nyundo, hakiruki. Uti ukiharibika picha ni nyingine. Mgonjwa hupoteza kwanza kuhisi moto na baridi, labda mguu mmoja, huku mguu mwingine ukiwa dhaifu. Ukimpitishia sindano butu kutoka bega kushuka, kuna mstari kifuani au tumboni ambapo hisia hubadilika ghafla. Goti linaruka kupita kiasi, kidole gumba cha mguu kinapanda juu ukikwaruza unyayo, na mkojo unabaki kibofuni. Uchunguzi huo unahitaji sindano, nyundo na chupa mbili za maji, ya moto kidogo na ya baridi. Kituo chochote cha afya kinaweza kuufanya.

Kuna dalili moja inayowatisha watu bure. Miezi 2 hadi 4 baada ya mionzi ya shingo au kifua, mgonjwa akiinamisha kichwa anahisi kama umeme unashuka mgongoni hadi miguuni. Kwa kawaida hupita wenyewe katika miezi michache, na hautangulizi kupooza. Sisplatini, oksaliplatini na dosetakseli pia zinaweza kuuleta. Apimwe, kama nguvu, hisia na mkojo viko sawa, atulizwe na aangaliwe tena baada ya mwezi.

Miguu ikidhoofika kweli, msiseme haraka kwamba ni mionzi. Uti ulioharibiwa na mionzi hutambuliwa baada ya kuondoa sababu nyingine zote, na hapa kwetu ziko nyingi. Ya kwanza ni saratani yenyewe kuubana uti. Hii huja na maumivu ya mgongo yanayozidi usiku. Kifua kikuu cha pingili ni cha pili, nacho kinatibika kwa dawa za bure. Konzo, ya muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, huja ghafla miguu yote miwili sawasawa, hisia na mkojo vikibaki salama. Pia kuna Sida na upungufu wa vitamini B12. IRM, yaani picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayotenganisha. Picha ya kawaida ya mifupa haionyeshi uti.

Saratani inayoubana uti haisubiri miadi ya wiki ijayo. Deksametasoni miligramu 16 kwa siku huanzishwa siku hiyo hiyo, pamoja na dawa ya kulinda tumbo na kupima sukari, huku safari ikipangwa. Anayeingia kwenye mionzi akiwa bado anatembea, mara nyingi hubaki anatembea. Aliyepooza kabisa zaidi ya siku mbili mara chache husimama tena. Asipandishwe pikipiki kutoka Kadutu, na asikalishwe wima kwenye taksi hadi Kamembe, ng'ambo ya Rwanda. Alazwe bapa juu ya ubao au godoro gumu. Kama ni mionzi iliyoharibu uti, hakuna dawa iliyothibitishwa kuurudisha. Deksametasoni hupunguza uvimbe kwa muda. Mazoezi ya viungo, mpira wa mkojo unaotunzwa vizuri na kumgeuza mgonjwa kila saa mbili ndivyo vitakavyompa miaka.

Je, aliyekwisha kupigwa anaweza kupigwa tena? Ndiyo, mara nyingi, kwa sababu uti husahau sehemu ya dozi ya kwanza, hasa baada ya miezi 6. Mwenye 30 Gy kwa seansi 10 anaweza kuongezewa 20 Gy kwa seansi 5 baada ya muda huo, na hatari hubaki ndogo. Lakini ruhusa hiyo haiwezi kutolewa kwa kukisia, na kama katikati alipata jemsitabini au sindano za kiunoni, daktari atapunguza.

Tunaziomba basi hospitali za Bukavu zinazopokea wagonjwa wanaorudi, na familia zinazowasindikiza: msikubali karatasi ya kuruhusiwa isiyo na haya. Eneo, kuanzia pingili ipi hadi ipi. Dozi yote, idadi ya seansi na dozi ya seansi moja. Tarehe ya kwanza na ya mwisho, na siku zilizokatika. Mashine ni kobalti au ni ya umeme. Dozi ya juu kabisa iliyofika kwenye uti. Kila dawa ya kemo, kwa miligramu, kwa tarehe, na kama iliingia mshipani au kiunoni. Kigali wataandika Kiingereza na hapa tunaandika Kifaransa, lakini namba zinasomeka pande zote mbili. Ombeni na sidii ya mpango wa mionzi kabla ya kuondoka, kwa sababu kuifuata baadaye Kigali kupitia msitu wa Nyungwe ni gharama. Karatasi ipigwe picha kwa simu za watu wawili wa familia, maana nyumba zetu huungua na watu wetu huhama. Na muuguzi anayetundika chupa ya kemo aulize kila mara, kabla hajafungua mpira: ulishapigwa mionzi, wapi, lini ilikwisha? Jibu likiwa shingo, kifua au mgongo, chupa ingoje mpaka daktari aione hiyo karatasi.

Kwa heshima,
Madaktari na wauguzi wanaofuatilia wagonjwa wa saratani,
Ibanda, Bukavu